Sufuria moja na moto mdogo: jinsi ya kupika vyakula vizito vya siku za baridi

Baridi ikishakuingia kwenye mifupa hata ukivaa masweta mawili bado unatetemeka, unachotaka hapo ni bakuli la moto la kushika kwa mikono miwili, kitu kizito chenye rojo, kinashuka taratibu mpaka unasikia kabisa kimefika tumboni. Na sio mawazo tu, mwili ukiwa unameng'enya chakula wenyewe unatoa joto, kama asilimia 10 hivi ya nguvu iliyomo kwenye mlo wa mchanganyiko inaishia kwenye kazi hiyo, na protini ndo inaufanyisha mwili kazi zaidi. Kwahiyo nyama, maharage, adesi, kuku, hivi vyote sio bahati kwamba watu wanavikimbilia baridi ikianza.

Mimi chakula cha baridi nakipenda kuliko cha msimu mwingine wowote, nimekipika miaka mingi, na kitu ninachotaka ukishike kabla hatujawasha jiko ni kwamba utamu wake unatoka kwenye muda, viungo vinafuata nyuma. Watu wanajaza viungo kumi na mbili kwenye sufuria afu wanawasha moto mpaka mwisho wanataka kula baada ya dakika arobaini, nyama inatoka kama kamba na mchuzi mwepesi hauna hata rangi. Kumbe kitunguu, chumvi, nyama yenye misuli na saa tatu za moto mdogo zinatosha kabisa, tena kwa sehemu kubwa ya hizo saa tatu we umekaa zako na blanketi.

Nitaanza na sufuria ya nyama na nitakaa nayo sana, maana ukiielewa hiyo vingine vyote unavielewa kwa haraka.

SUFURIA YA NYAMA, VIAZI NA KAROTI (watu 6)

Sufuria kwanza. Tafuta iliyo nzito, kitako kinene, mfuniko unaokaa sawasawa. Sufuria nyembamba inaunguza chini wakati juu bado kumepoa, ila kama ndo uliyonayo usiache kupika, weka moto mdogo zaidi na ukoroge kila baada ya muda, ukiwa na bati bapa la chuma liweke kati ya moto na sufuria lisambaze joto.

Nyama: usinunue steki laini wala fileti, hiyo ni hela imepotea kwa kazi hii. Mwambie wa buchani akupe shingo, muundi, kidari, bega au mkia, yaani sehemu ambazo mnyama alizitumia sana akiwa hai. Zina utando mweupe na mishipa katikati, wengi wanaikata na kuitupa, wewe iache, hiyo ndo kila kitu na nitakwambia kwanini hapo mbele. Kilo 1 kama haina mfupa, kilo 1 na nusu kama ina mfupa. Afu vitunguu maji 3 vikubwa, punje 4 za kitunguu saumu, vijiko vikubwa 2 vya nyanya nzito ya kopo, karoti 4, viazi 5 vya wastani, maji kama lita 1 (supu ya mifupa kama unayo, hata bora), mafuta, chumvi, pilipili manga, na limao au siki kidogo ya kumalizia. Kama una tawi la rozmeri tia, kama huna usihangaike.

Hatua ya kwanza: kausha nyama. Kata vipande vikubwa, sentimita 4 mpaka 5 kila upande, maana vitasinyaa, ukikata vidogo mwisho wa siku unakula makombo. Vifute kwa karatasi ya jikoni au kitambaa safi mpaka viwe vikavu kabisa, afu nyunyiza chumvi kijiko kidogo 1 na nusu na pilipili manga. Usiioshe nyama sasa hivi, ikibeba maji haitapata rangi. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100 na yakishakuwepo kwenye sufuria joto halipandi zaidi ya hapo mpaka yaishe, wakati ile rangi ya kahawia tunayoitafuta inaanza kuja vizuri kwenye nyuzi kama 140. Mkemia mmoja Mfaransa, Louis-Camille Maillard, ndo alieleza mwaka 1912 jinsi protini na sukari zinavyobadilika zikikutana na joto, na hadi leo mabadiliko hayo yanaitwa kwa jina lake. Harufu ya mkate unaotoka kwenye oveni, ya kahawa ikikaangwa, ya nyama ikishika rangi, zote ni jambo hilohilo.

Hatua ya pili: kaanga kwa mafungu. Weka vijiko vikubwa 2 vya mafuta, yapate moto hasa, afu panga vipande bila kugusana. Kwa sufuria ya kawaida ni mafungu matatu. Najua inachosha, najua unatamani kumwaga zote kwa mpigo, tafadhali usifanye, ukimwaga zote sufuria inapoa, nyama inatoa maji, na badala ya kukaanga unachemsha kitu cha kijivu. Weka kipande, kiache, usikiguse dakika 3 nzima. Mwanzoni kinang'ang'ania chini kabisa, ukikivuta kinachanika. Subiri. Kikishapata ganda kinajiachia chenyewe, unakisukuma na mwiko kinateleza, hapo ndo ukigeuze. Upande wa chini utaukuta kahawia ya kung'aa, kingo zimekauka kidogo. Toa, weka kwenye sahani, tia fungu la pili.

Ukimaliza fungu la tatu angalia chini ya sufuria. Utaona ukoko wa kahawia umegandia, mafuta yamekuwa na rangi ya dhahabu. Mtu asiyejua anafikiri ameunguza anakimbilia kuosha. Usioshe! Mchuzi wako wote uko hapo. Isipokuwa kama umekuwa mweusi tititi na unanuka uchungu, hapo kweli umeungua na itabidi uufute uanze na mafuta mapya, ndo maana kwenye fungu la pili na la tatu unapunguza moto kidogo.

Hatua ya tatu: kitunguu. Mimina vitunguu ulivyokata vipande vinene, tia chumvi kidogo, punguza moto uwe wa kati. Kitunguu kitatoa maji yake na hayo maji yataanza kuulainisha ukoko, we unakwangua na mwiko wa mbao taratibu, unaona chini panasafishika na vitunguu vinageuka rangi. Mpe dakika 10 kamili mpaka 12, vilegee viwe vitamu. Kitunguu saumu kinaingia dakika ya mwisho maana kinaungua upesi. Afu nyanya ya kopo, ikaange humohumo dakika 2 mpaka rangi nyekundu ya kung'aa igeuke iwe ya matofali, ile ukali wa kopo unaondoka kabisa. Ukitaka rojo zito zaidi huu ndo wakati wa kunyunyiza vijiko vikubwa 2 vya unga wa ngano ukoroge dakika 1 usibaki mbichi, ila mimi mara nyingi siweki, kama nyama ina utando wa kutosha mchuzi unajishika wenyewe.

Hatua ya nne, hii ndo watu wanaharibu. Rudisha nyama pamoja na maji yote yaliyovuja kwenye sahani, mimina maji ya moto yafike karibu na juu ya nyama lakini yasiizamishe, acha vichwa vya vipande vichungulie. Ukiizamisha sana unapika supu, sio mbaya ila sio kitu tunachokitafuta. Moto mkubwa mpaka ianze kuchemka, toa povu, afu shusha moto hadi mdogo kabisa. Funika ukiacha upenyo wa kidole.

Sasa sikiliza. Ikichemka kwa fujo, juu yote inatibuka, moto bado mkubwa. Unachotaka kuona ni kipovu kimoja kinapanda pembeni, kinapasuka, kimya sekunde moja mbili, kingine upande ule. Uso wa mchuzi unatetemeka tu. Hapo uko kwenye nyuzi 85 mpaka 95 na ndo penyewe.

Kuna mara moja niliwahi kuwa na wageni wanakuja jioni, nimechelewa, nikasema ngoja niongeze moto iwahi. Saa moja na nusu ya kuchemsha kwa nguvu. Nilipotoa kipande kilikuwa kimekuwa nusu ya kilivyokuwa, kigumu, na kitu kilichonishangaza zaidi, kikavu, kipande kimeogelea ndani ya mchuzi saa moja na nusu na ukikitafuna ni kikavu! Nilisikitika kweli maana ile nyama nilikuwa nimeichagua kwa makini. Nilikuja kuelewa baadae. Nyuzi za nyama zikipata joto zinajikamua, na kadri joto linavyozidi ndo zinavyojikamua zaidi, maji yanatoka ndani yanaenda nje, haijalishi nje kuna mchuzi kiasi gani. Halafu ule utando mweupe, kolajeni, wenyewe una mwendo wake, ukivuka nyuzi 70 hivi unaanza kuyeyuka kuwa jelatini lakini pole pole, unahitaji masaa. Jelatini ndo ile inayofanya mchuzi ushike kwenye midomo, na ndo inayoipa nyama ule ulaini wa kuteleza hata kama maji yake yamepungua. Kwahiyo ukikimbiza moto unapata hasara mbili kwa pamoja, umekamua maji na kolajeni bado haijayeyuka.

Na hii ina maana nyingine muhimu: ukionja baada ya saa moja na nusu ukaikuta ngumu, haijaharibika, haijafika. Wengi wanakata tamaa hapo. Rudisha mfuniko, nenda kafanye kitu kingine.

Hatua ya tano: viazi na karoti vinaingia kama saa moja kabla ya mwisho, sio mwanzoni, la sivyo vinayeyuka vyote. Kwahiyo kama nyama ni ya saa mbili na nusu, tia karoti na viazi ikifika saa moja na nusu, vipande vikubwa, kiazi cha wastani kikate mara mbili au nne. Chagua viazi vinavyoshikana vikiiva, vile vya unga unga vinapasuka, ingawa kiazi kimoja cha unga nakiweka kwa makusudi kipasuke kiongeze uzito wa rojo.

Kujua imeiva usitumie saa, tumia kijiko. Kamata kipande, kibane na mgongo wa kijiko kwenye ukuta wa sufuria. Kikiachia kufuata nyuzi zake bila kushindana na wewe, tayari. Kikirudi kama mpira, dakika 30 zingine.

Hatua ya sita ni ndogo ila usiiruke. Zima moto, acha itulie dakika 15, mafuta yatapanda juu uyaengue kiasi unachotaka, afu onja. Chumvi rekebisha sasa maana mchuzi umepungua na chumvi imejikusanya. Halafu kamulia limao nusu au kijiko kidogo cha siki. Chakula kilichopikwa muda mrefu kinakuwa kizito ulimini, kila kitu kimeungana, na hiyo tone la uchachu linakifungua, unaanza kusikia kitunguu kivyake, nyama kivyake. Jaribu kuonja kabla na baada utaniambia.

Kama una oveni hatua ya nne unaweza kuipeleka humo, sufuria imefunikwa, nyuzi 150, saa mbili na nusu mpaka tatu. Oveni inazunguka pande zote haiunguzi chini, na jikoni kunapata joto, kwa siku za baridi hilo nalo ni jambo.

Na wenye jiko la presha? Linafanya kazi nzuri. Mwanafizikia Mfaransa, Denis Papin, alitengeneza la kwanza mwaka 1679, la kulainishia mifupa, na kanuni ni ileile mpaka leo, mvuke ukifungiwa maji yanafika nyuzi kama 120 badala ya 100, kwahiyo kolajeni inayeyuka haraka. Nyama ya kilo moja dakika 35 mpaka 40, presha ishuke yenyewe usiifungulie mvuke ghafla maana nyama inachemka kwa fujo ndani na kukakamaa. Hatua ya kwanza mpaka ya tatu hazibadiliki. Mchuzi wake huwa mwepesi zaidi kwasababu hakuna kilichopungua kwa mvuke, fungua mfuniko uchemshe wazi dakika 15 mwishoni.

Kitu kimoja kwa wanaoishi milimani, na baridi nyingi iko huko: kadri unavyopanda juu maji yanachemka kwenye joto dogo zaidi, kwenye mita 2,000 ni kama nyuzi 93 tu. Kwahiyo maharage na nyama vinachukua muda zaidi hata kama unaona mapovu makubwa. Usijilaumu, ongeza muda.

MAHARAGE MAZITO

Hapa kuna jambo la usalama nitalisema kwanza. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, haitwi sumu kwa kutisha watu, punje nne tano tu zisizoiva zinaweza kukutapisha vibaya ndani ya masaa machache. Inaondoka kwa kuloweka na kuchemsha kwa nguvu. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, weka mapya, afu yachemke kwa nguvu kabisa si chini ya dakika 10, mimi naenda mpaka 30, ndo unashusha moto. Yale majiko ya umeme ya kupika taratibu usiyatupie maharage mekundu ambayo hayajachemshwa, joto lake halifiki pa kuiondoa sumu.

Nusu kilo ya maharage, lita 2 za maji ya kulowekea, na humo tia kijiko kikubwa 1 cha chumvi. Ndio, chumvi, najua umeambiwa inayafanya magumu, lakini kwenye maji ya kulowekea inalainisha ganda, maharage yanaiva bila kupasuka pasuka. Kinachoyachelewesha kweli ni uchachu. Nyanya, limao, siki, vyote visubiri mpaka yameshalainika, ukitia nyanya mwanzoni unaweza kuchemsha masaa manne na bado yanagonga meno.

Baada ya kuchemka kwa nguvu ni moto mdogo saa 1 mpaka saa 1 na nusu, maji yawe yameyafunika kwa vidole viwili muda wote. Onja punje tano tofauti, sio moja, kwasababu haziivi kwa pamoja. Zikiwa laini zote tengeneza pembeni kitunguu, kitunguu saumu, karoti iliyokwaruzwa, nyanya, bizari nyembamba kwenye mafuta mpaka mafuta yajitenge, mimina, chemsha dakika 20. Afu chota upawa mmoja wa maharage uyaponde yawe uji, rudisha. Hicho kidogo kinabadilisha sufuria nzima, supu inakuwa mzito na laini kama umetia krimu.

Maharage yakishakaa kabatini miaka yanakataa kuiva hata ufanyeje, ukiyaona yamesinyaa na kupasuka maganda yangali makavu nunua mengine.

SUPU YA ADESI NYEKUNDU KWA SIKU UMECHOKA

Hii haihitaji masaa, ndo pekee humu ndani. Umerudi umeganda, njaa kali, nusu saa unakula. Adesi nyekundu (wengine mnaziita kamande) haziloweki, ni nusu punje zilizomenywa tayari. Osha mpaka maji yawe safi. Kaanga vitunguu 2 dakika 8, tia punje 4 za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi, bizari nyembamba kijiko kidogo kimoja na manjano nusu kijiko, vikae kwenye mafuta nusu dakika mpaka harufu ipande, harufu za viungo vingi zinayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji kwahiyo ukivitia baadae kwenye supu unavipoteza nusu. Kikombe 1 na nusu cha adesi, karoti 2 vipande vidogo, vikombe 6 vya maji. Mfuniko uache wazi maana zinatoa povu zinafurika jikoni kote. Dakika 20 mpaka 25 zimeshavunjika zenyewe. Chumvi, limao la kutosha, basi. Ukipenda iwe laini kabisa pitisha blenda, mimi naipenda na vipande vyake.

SUPU YA KUKU

Kuku mzima wa kilo 1 na nusu, maji ya baridi yamfunike, kitunguu kimoja kata nusu na ganda lake (linatoa rangi), karoti 2, tangawizi, chumvi kijiko kikubwa kimoja. Anza na maji ya baridi upandishe taratibu, povu engua lote mpaka liishe, afu shusha moto uone kipovu kimoja kimoja kama kule kwenye nyama. Kuku wa kisasa dakika 60 hivi, kuku aliyekomaa saa mbili mpaka tatu na supu yake ndo tamu zaidi, hailinganishwi. Kama una kipima joto, ndani ya paja penye unene pafike nyuzi 74.

Sasa fanya hivi: mtoe, akipoa kidogo mchambue nyama uiweke pembeni imefunikwa, mifupa na ngozi rudisha kwenye supu saa nzima nyingine. Kifua ukikiacha humo muda wote kinakuwa kama pamba, wakati mifupa ndo kwanza inaanza kutoa. Chuja, rudisha nyama, karoti mpya. Tambi au wali pika pembeni utie kwenye bakuli wakati wa kula, ukizitia kwenye sufuria zinakunywa supu yote na kesho unakuta zimevimba.

VIAZI VYA OVENI NA CHIZI

Siku ya baridi kali sana wakati watu wote wako nyumbani. Kilo 1 na nusu ya viazi kata duara nyembamba za milimita 3, usivioshe baada ya kukata kwasababu ule unga wake ndo unashikisha. Pasha krimu mililita 400 na maziwa mililita 200 na kitunguu saumu, chumvi kijiko kidogo 1 na nusu, pilipili manga, weka viazi humo dakika 5 vianze kulegea, panga kwenye trei, oveni nyuzi 170 saa moja ukiwa umefunika na foili. Funua, chizi gramu 150 juu, dakika 20 nyingine mpaka pembeni papate rangi. Kisu kikiingia bila kugoma vimeiva. Subiri dakika 15 kabla ya kukata, najua harufu inasumbua, ukikata moto inamwagika yote.

KABLA HUJAFUNGA MADIRISHA

Hili nalisema kwa uzito. Baridi inafanya watu wafunge kila tundu afu waingize jiko la mkaa ndani lipikie na lipashe chumba. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya monoksidi ya kaboni, haina harufu, haina rangi, unaanza kuumwa kichwa na kusinzia na wengine hawaamki. Mkaa upikie nje au mahali pa wazi kabisa, na ukimaliza usiliingize jiko chumbani hata kama unaona limebaki majivu, chini linawaka bado. Jiko la gesi nalo ni la kupikia, sio la kupashia chumba cha kulala usiku kucha, na likiwaka dirisha liwe na upenyo.

KUHIFADHI

Sufuria kubwa ya nyama kesho yake ni tamu zaidi, viungo vimekaa, jelatini imeganda. Lakini usiiache juu ya jiko mpaka asubuhi ukisema si kuna baridi. Sufuria kubwa nzito inakaa vuguvugu masaa mengi katikati, na kati ya nyuzi 4 na 60 ndo bakteria wanazaliana vizuri. Ndani ya masaa 2 iwe imeingia kwenye friji. Igawe kwenye vyombo vipana vya kina kifupi ipoe upesi, au kalisha sufuria kwenye beseni la maji ya baridi ukoroge. Friji siku 3 mpaka 4, friza miezi 2 au 3 bila ladha kupotea. Viazi kwenye friza vinakuwa vya chenga chenga vimejaa maji, kwahiyo kama unajua utagandisha toa fungu lako kabla ya kutia viazi. Andika tarehe kwenye chombo, maana baada ya wiki tatu maharage na nyama vyote ni bonge moja la kahawia.

Ukitoa kwenye friji asubuhi mchuzi wa nyama utaukuta umesimama kama jeli, kijiko kinasimama wima. Usiogope na usiongeze maji haraka, hiyo ni kolajeni uliyoisubiri jana, ikipata joto inayeyuka. Pasha moto mdogo mpaka ipate moto kweli katikati, nyuzi 74 au zaidi, na pasha kiasi unachokula tu, usipashe sufuria nzima kila siku.

Siku ya tatu ukibaki upawa mmoja au mawili, vipande vimeshavunjika na viazi vimeisha, ongeza vikombe viwili vya maji, konzi ya shayiri au makaroni, chemsha mpaka ziive, limao kidogo tena, na usiku huo unakula supu.